Ubani wa Mtungi na Ufunguo wa Kisima

Waa, Jumatatu, 8 Machi 1965
Kisima chetu cha Harambee kimekwisha! Kina mfuniko wa chuma, na mfuniko una kufuli. Leo bwana afya, Bwana Kalama, amekuja na baiskeli yake kutuambia nani atashika ufunguo: mwenye nyumba ambayo mtoto wake mdogo atakaa siku saba bila kuharisha. Akahimiza tuchemshe maji ya kunywa.

Mshika ufunguo atasalimiwa na mji mzima, asubuhi na jioni. Mimi, Boga, nimezaliwa kusalimiwa. Ila jirani yangu Mwanatumu ameshaanza kutembea kama ufunguo uko kiunoni mwake. Mjukuu wake hajaharisha tangu Uhuru, ati. Wangu ni Abdurahman, miaka miwili, na tumbo lake, nakiri humu tu, halina msimamo.

Jumanne, 9 Machi
Kuchemsha maji ni kumaliza kuni bure. Sisi tangu mababu tunafukiza mtungi kwa ubani, maji yakanukia. Nimefukiza mara saba badala ya mara moja. Mke wangu, Esha, akasema ubani ni wa harufu tu, haujapata kuua hata sisimizi. Nikamwuliza ni mdudu gani atakayestahimili moshi ulioniliza mimi mtu mzima. Akauliza maji nimeyateka wapi. Dimbwini. Ni karibu.

Yananukia kama peponi! Abdurahman kanywa vikombe viwili.

Jumatano, 10 Machi
Ameharisha mara tano. Mtihani huu!

Nepi kumi na moja kambani, na dirisha la Mwanatumu linatazama kamba. Akauliza ni vitambaa gani. Nikajibu upesi: vya kuchujia tui. Akashangaa, vyote hivyo, shemeji, kwani mna harusi? Nikasema ndiyo. Ulimi hauna mfupa.

Alasiri yote nimembeba mtoto. Mwepesi, macho yamemzama. Niliogopa kweli. Ufunguo niliusahau kidogo. Kidogo tu.

Alhamisi, 11 Machi
Balaa! Wanawake ishirini mlangoni, kila mmoja na mbuzi yake ya kukunia nazi, vigelegele juu. Harusi ya jirani haingoji mwaliko. Wakauliza nani anaoa. Nikahesabu wanaume wa nyumba hii: mimi na Abdurahman. Esha naye akaniuliza nani anaoa, lakini kwa sauti nyingine, na mwiko mkononi.

Bwana Kalama alikuwa akipita, akaingia kutoa hongera. Abdurahman akaja, akachuchumaa mbele ya viatu vyake, akamaliza shughuli. Vigelegele vikakatika. Nikaungama yote, nepi, tui, ubani, dimbwi. Heri aibu kuliko mwiko.

Walicheka mpaka wakaketi chini. Kisha, kwa kuwa mbuzi zimeshakuja, wakakuna. Nazi zangu arobaini! Wali, samaki wa kupaka, ngoma ya masufuria. Bwana Kalama sahani tatu. Baadaye alikaa na Esha jikoni wakizungumza kitambo kirefu. Sikusikia, nilikuwa na ukoko wangu.

Jumamosi, 13 Machi
Abdurahman mzima! Anakimbiza kuku, anadai uji mara mbili. Nimefurahi hadi nikamsalimia Mwanatumu kwanza. Ubani umeingia, nilijua tu ulihitaji muda.

Nimegundua jambo: mtungi uliofukizwa sana hutoa maji ya uvuguvugu. Jambo jingine: kuni zinakwisha haraka, na sufuria kubwa haitoki mekoni. Nilimwuliza Esha anapika nini, akasema anapika tu. Sijaletewa chakula chochote kutoka sufuria ile. Tena anamwosha mtoto mikono kwa sabuni kila saa. Sabuni nayo ina bei.

Jumatatu, 15 Machi
Mkutano kisimani. Mwanatumu alishanyoosha mkono. Bwana Kalama akamsifu sana, kisha akasema kwamba aliyelituliza tumbo la kuendesha kwa siku mbili, tena na mume wa namna ile nyumbani, huyo ataweza kulinda maji ya mji mzima. Akampa Esha ufunguo! Wa kwanza kupiga kigelegele ni Mwanatumu. Nilibubujikwa machozi. Sasa mji mzima unamsalimia Esha, nami nasimama karibu, salamu nyingine zinanipata.

Ufunguo umeingia nyumbani kwangu, basi nimeshinda. Kilichoniudhi ni kimoja: Bwana Kalama hakuutaja ubani hata kidogo. Watu hawana shukrani.

Na maji ya kisima kile nimeyaonja. Hayanukii kitu! Esha amefunga ufunguo pindoni mwa leso yake. Nimejitolea kumfulia leso kesho, naye amenitazama sana. Ubani ninao, ratili tatu kutoka Kombani. Kisima ni kirefu, lakini naamini zitatosha.