Nilivyomwokoa Muuguzi wa Sehemu ya 112

Jumatatu, 4 Machi

Sijapata kushtuka hivi tangu nizaliwe. Muuguzi anakufa! Muuguzi wangu, wa tamthilia ya *Kiapo cha Muuguzi*, ambayo sijakosa hata sehemu moja, hata ile wiki niliyolala na homa. Nimefungua muswada asubuhi pale studio, nikasoma, nikajikuta nimekaa sakafuni.

Kibaya zaidi, anayetangaza kifo ni daktari. Na daktari ni mimi! Kazi yangu ni kuingiza sauti ya Kiswahili kwa wanaume wenye nafasi ndogo ndogo: daktari, polisi, dereva, mzee anayepita. Besi, mwenye sauti nzito na majivuno mazito zaidi, ndiye Injinia, mume wa Muuguzi. Nafasi hiyo naitamani tangu sehemu ya kwanza. Besi akaniambia nifute machozi, eti hii ni tamthilia tu. Tamthilia tu! Na mtu kama huyo ndiye anayepewa maneno ya mapenzi.

Nikapiga hesabu za haraka. Miwani, mfasiri wetu, hayupo, jino linamtesa. Ndiye peke yake anayejua lugha ya wenye tamthilia. Fundi mitambo anaangalia mshale wa sauti usipande sana, maneno hayamhusu. Bosi yuko kwenye simu. Nikaingia kwenye kile chumba chetu chenye magodoro ukutani, nikasogelea kipaza sauti. Muswada ulisema, "Tumempoteza." Mimi nikasema amezimia tu, mapigo ya moyo yapo, aachwe apumzike. Fundi akanionyesha dole gumba.

Shangazi, ambaye naishi kwake, hajui kitu. Aliponitafutia kazi hii alisema wazi kwamba nikimwaga unga tena, begi langu litanisubiri nje ya mlango. Hii ni kazi ya nne. Lakini nani amfukuze mtu aliyeokoa maisha?

Jumanne, 5 Machi

Kuna mazishi! Jamani, mbona hakuna aliyenionya? Sisi tunapewa muswada wa siku kwa siku, siri zisivuje, na leo sehemu ya 113 yote ni makaburini. Jeneza, maua, miavuli myeusi, Injinia anagaragara chini. Yumo nani humo ndani, na mgonjwa wangu yuko wodini anapumzika?

Ikabidi nitafute mtu wa kufa. Nikamkumbuka dada yake Muuguzi, aliyekwenda masomoni sehemu ya 40 na hajaonekana tena. Hana hasara kwa mtu. Nikachukua kalamu, na kila palipoandikwa "mke wangu" nikakata nikaandika "shemeji yangu". Besi huwa hapitii muswada kabla, anajiona ana kipaji. Akausoma kama ulivyo, kwa kilio cha kutoka tumboni: shemeji yangu, umeniacha na nani? Shemeji yangu, nitalalaje bila mkono wako kifuani pangu?

Huo mstari wa mkono sikuwa nimeufikia. Nikataka kumsimamisha, lakini taa nyekundu ilikuwa inawaka.

Saa kumi na mbili jioni ikaruka ile ya jana. Shangazi alipomsikia daktari akisema mapigo yapo, alipiga makofi na kuniambia leo sauti yangu ilikuwa na huruma. Nikaongezewa nyama bila kuomba. Haya ndiyo maisha.

Jumatano, 6 Machi

Maafa. Ya makaburini imeruka jioni hii. Shangazi alikuwa ametulia na kikombe chake. Injinia alipofika kwenye mkono na kifua, kikombe kikatua sakafuni. Hakukitazama. Alikuwa ametoa macho mpaka nikamwogopa. Akauliza, kwa sauti ndogo ya kutisha, kama amesikia sawasawa. Nikajitia kukohoa.

Kabla hajakaa vizuri akaingia jirani, fundi cherehani, futi bado inaning'inia shingoni, anapiga kelele kama nyumba inaungua. Mke yuko hoi kitandani, mume anamlilia shemeji! Tena hadharani! Huyo jirani anaishi na mdogo wake wa kike. Amemwambia afungashe, kesho asubuhi aondoke. Mume wake, fundi saa, mtu mpole ambaye hata salamu anaitoa kwa shida, ameitwa sebuleni ajieleze. Masikini hajui ajieleze nini.

Shangazi akasema wanaume wote ni kina Injinia. Akanitazama mimi! Leo nyama sikuiona.

Nafsi inanisuta kidogo. Lakini tuwe wakweli, lawama ni za Besi. Angesoma kwa kawaida, bila vile vilio, nani angeshtuka?

Alhamisi, 7 Machi

Miwani amerudi, shavu limevimba kama amebana chungwa. Alitazama sehemu zote mbili amesimama, kisha akatafuta kiti kwa kupapasa.

Saa tano Bosi akatuita wote ofisini. Nilijua nimekwisha. Kumbe anatabasamu! Akasema simu za kituo hazijapoa tangu jana, watazamaji hawazungumzii kingine, akauliza kwa upole kabisa nani mwenye wazo la shemeji. Halafu, sikuamini masikio yangu, Besi akasafisha koo na kusema kwamba yeye ni msanii, na msanii huongozwa na moyo.

Moyo! Mtu huyu anaiba jasho langu mchana kweupe! Nilitoka mbio, nikachakura kapu la takataka, nikarudi na kurasa zote saba. Nikazipanga mezani mbele ya Bosi. Nikamwonyesha mwandiko wangu. Asije akabaki na shaka, nikamweleza na ya daktari.

Bosi akanishukuru. Tabasamu likaisha hapohapo. Kumbe wenye tamthilia wameandika barua kali, na yeye alikuwa anamtafuta mhalifu. Nimejipeleka mwenyewe, na ushahidi mkononi! Besi alikuwa anatazama viatu vyake, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Hukumu: kesho jioni, kabla ya tamthilia, nitasimama mbele ya kamera moja kwa moja na kusema sentensi mbili. Kwamba Muuguzi alifariki. Kwamba Injinia hana hatia. Nikisema hizo mbili na kunyamaza, kazi ninayo. Bosi amenipa pia muhtasari wa sehemu zote zilizobaki, niusome nielewe nilichoharibu. Nimerudi nao nyumbani, nimeuficha chini ya godoro. Nimeshausoma mara mbili, na mwili bado unanisisimka.

Ijumaa, 8 Machi, asubuhi

Sentensi mbili. Nimejipima mbele ya kioo: sekunde tisa. Mtoto anaweza. Nimeazima koti la fundi saa, ambaye siku hizi halihitaji kwa kuwa haruhusiwi kutoka. Shangazi hajui nitasema nini, ila amealika majirani waje wanione kwenye televisheni.

Ijumaa hiyohiyo, jioni

Nilianza vizuri kabisa. Taa ikawaka, nikasema Muuguzi alifariki. Ndipo nikamfikiria Shangazi, pale kwenye kiti chake, mbele ya wageni, anasikia kifo kwa mdomo wangu. Moyo ukanishinda. Nikasema watazamaji wapendwa msilie, kwa sababu yule binti wa Muuguzi aliyeibwa hospitalini yuko hai, anarudi sehemu ya 130, na ndiye anayeirithi hospitali. Nikaona haitoshi. Nikasema mlinzi wa geti ndiye baba yake. Nikasema Injinia hana hatia ya shemeji, lakini sumu iliyomuua Muuguzi ni yeye aliyeitia, na wataijua sehemu ya 151, ambayo ni ya mwisho. Nyuma ya kamera Bosi alikuwa anakata hewa kwa viganja. Nilidhani ananihimiza.

Nimefukuzwa kabla ya kuvua koti. Bosi aliniuliza kama najua nilichofanya. Nikamjibu najua, sijamgusia mama mkwe wa Muuguzi, na akinipa dakika mbili kesho nitamalizia. Alikaa chini taratibu, na Miwani akamfungua tai.

Nyumbani nimekuta begi nje, mlango umefungwa. Shangazi akanisemesha akiwa ndani. Uongo wa daktari amenisamehe. Ya shemeji amenisamehe. Lakini miezi yote hii anasubiri mwisho, nami nimeumwaga wote kama maji machafu, mbele ya wageni! Nikamwambia si wote, Shangazi. Ya mama mkwe bado sijamwambia mtu.

Halafu nikasikia kiti kinaburutwa mpaka mlangoni.

Ukweli ni kwamba kurasa za mama mkwe niliziruka mara zote mbili. Si neno. Nimekalia begi, nimefikiria dakika moja tu, na tayari nimempatia mume wa pili, mguu wa bandia na pacha aliye gerezani.