Ngazi ya Kumi na Tano

Jumatatu, 9 Desemba
Leo hoteli yetu hapa Iloilo, Ufilipino, imepata mwenyewe! Visanduku vyote vya waifai, vya ukumbini hadi vyumbani, havimtii mtu ovyo tena. Ukitaka kuvigusa, vinaiuliza kwanza mashine moja kuu: huyu nani, na ngazi yake ngapi? Wa ngazi ya kumi na tano anabadili chochote. Nimejipa mimi, Injinia Wenceslao. Jovelyn, mwenzangu wa kazi, nimempa ya kwanza: kutazama tu, mikono nyuma. Ati anauliza, Injinia akiugua je? Wivu huo!

Jumanne, 10 Desemba
Nimefuta na akaunti za dharura. Za nini, na mimi nipo? Tena nimeweka sheria: ukikosea nywila mara tatu, unafungiwa. Dawa ya Jovelyn hiyo. Kisha nikabadili nywila yangu, ndefu kama litania ya watakatifu. Najipenda, basi tu.

Alhamisi, 12 Desemba
Balaa! Mgeni wetu Lola Consorcia, yaani Bibi Consorcia, anatimiza miaka themanini, wajukuu zake walioko Dubai wanasubiri kumwona kwa video, na wa kufungua mtandao wa ukumbi ni mimi peke yangu. Najaribu kuingia: nimefungiwa! Nikamshtaki Jovelyn kwa meneja, Madam Perpetua, mbele ya wageni na tambi zao za pansit, kwamba ananihujumu. Jovelyn akasema haya Injinia, ngoja nitazame, si ndiyo kazi uliyonipa? Akatazama. Kumbe anayebisha hodi kwa nywila ya zamani, bila hata kupumzika, ni simu iliyomo mfukoni mwangu. Sikuipa nywila mpya. Ukumbi mzima kicheko!

Bibi hakucheka. Aliuliza kama wajukuu wamemsahau. Hapo niliumia, sisemi uongo. Jovelyn akampa simu yake, kwa bando lake, wakaonana.

Ijumaa, 13 Desemba
Mafundi wamekuja kuvianzisha vyote upya, maana akaunti nyingine ya kuingilia haikubaki. Jovelyn kapewa kumi na tano, mimi ya kwanza. Sawa! Wakubwa hutazama, wadogo hushika.

Jumamosi, 14 Desemba
Madam kaniachia kufuli la chumba cha mitambo, lile la alama ya kidole. Cheo kimenifuata chenyewe! Nimefuta vidole vya wote, hata cha Madam; limebaki gumba langu tu. Nikajimenyea nanasi la kujipongeza, kisu kikateleza, nimefunga plasta gumba zima. Kidonda kidogo tu.

Jovelyn anagonga ofisini kwangu, ati mtandao wote umezimika na chumba hakifunguki. Nimemwambia aache presha, mwenye kidole yupo.