Fimbo Yangu ya Mnyororo na Mikono ya Krivak

Ijumaa, 4 Oktoba

Timu ya vijana wa mji wetu imefungwa 14 kwa 13, mpira wa Kimarekani, ule wa kurusha na kudaka kwa mikono. Kwa uzembe! Robo ya mwisho, mrushaji wa wapinzani katupa pasi mbovu ajabu. Ikamfuata Dalton Krivak, beki wetu namba 27, kifuani hasa. Hakuna mtu karibu yake. Mbele uwanja mtupu. Angeidaka, mpira ungekuwa wetu. Akaiachia! Ya tatu msimu huu. Nikapiga kelele kwamba hata bibi yangu angeidaka, na tulimzika mwaka 1988.

Balaa ni kwamba sisi watu wa mnyororo haturuhusiwi kupiga kelele. Tunavaa fulana za rangi ya chungwa, tunasimama ukingoni na fimbo mbili zenye mnyororo wa yadi kumi katikati, tunaonyesha timu inatakiwa ifike wapi. Basi. Kimya kama maiti. Refa Haskell akanijia mpaka puani. Kasema hilo ni onyo la pili, na la tatu navua fulana. Miaka ishirini na miwili nashika fimbo hii! Kabla yangu aliishika baba. Nikiikosa, mimi ni nani katika mji huu? Muuza rangi tu.

Shemeji Rudy, kaka yake mke wangu, alikuwa jukwaani mstari wa kwanza, meno yote nje. Anaimezea mate fimbo yangu tangu alipokuwa bado na nywele kichwani.

Darlene kasema dawa ni rahisi, nifunge mdomo. Mke wangu ni mtu mzuri, lakini mpira haujui. Dawa ni kumtengeneza Krivak.

Jumapili, 6 Oktoba

Baada ya ibada nimekwenda supamaketi. Krivak hufungasha bidhaa pale kaunta mwisho wa wiki. Nimejificha nyuma ya maboksi ya nafaka, nikamchunguza robo saa nzima. Kopo la maharage likateleza. Akalidaka kwa mkono wa kushoto, bila hata kutazama! Kumbe mikono anayo!

Mafunzo yakaanza papo hapo. Nikamrushia mkate. Kadaka. Soseji. Kadaka, kisha akaniuliza kwa adabu kama nina mfuko wangu. Nikafungua trei la mayai. Kumi na moja kayadaka mazima, moja baada ya jingine, foleni nzima inahesabu kwa sauti. La kumi na mbili likatua kwenye kofia mpya ya Bi. Olszak wa kwaya. Kosa lake. Alikuwa amesimama njiani.

Meneja kanitoa nje, na nisionekane tena mpaka Krismasi. Krivak akanisindikiza hadi kwenye gari. Nikamuuliza, mayai unadaka, mpira je, una nini wewe? Akainama, akakwaruza lami kwa kiatu. "Mzee Norb, usinikasirikie. Yai halina kelele. Mpira ukiwa hewani nakusikia wewe kabla sijaugusa."

Maskini kijana. Ana matatizo ya masikio. Nimempa jina la daktari wa masikio wa Darlene.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimepata njia ya kulinda fimbo yangu. Tofi! Darlene kanunua ndoo nzima kwa ajili ya watoto wanaobisha hodi kuomba peremende usiku wa Halloween. Ukitia nne mdomoni kwa pamoja, huwezi kutamka hata jina lako.

Nimefanya majaribio nikitazama mechi kwenye televisheni. Beki mmoja kaangusha pasi ya bure kabisa, pasi ya kuokota! Nikasimama, nikageuka mwekundu, sauti haikutoka. Mafanikio makubwa. Darlene kasema tangu tuoane hajawahi kufaidi jioni kama hii, kisha akaniletea tofi nyingine bila kuombwa.

Rudy kapita na mkewe. Kauliza fulana ya mnyororo ni saizi gani. Sikuweza kumjibu, na najuta mpaka sasa.

Ijumaa, 11 Oktoba

Acha niandike.

Tofi nne kabla ya mechi. Nimesimama na fimbo yangu, kimya. Robo ya pili, Krivak kanasa pasi! Kaikumbatia kama mtoto mchanga. Robo ya tatu kanasa nyingine! Jukwaa limewehuka. Mafunzo ya mayai hayo, jamani! Nilitaka kuwaambia watu, ila tofi.

Robo ya nne. Tunaongoza 20 kwa 17, dakika moja imebaki. Mrushaji wao katupa pasi upande wetu. Krivak karuka, kaigonga kwa vidole, mpira ukapaa juu ukaanza kushuka pale pale ukingoni. Polepole. Unazunguka. Krivak chini yake, miguu ndani ya uwanja, mikono tayari. Na mimi pia chini yake.

Sijui nilipatwa na nini. Najua. Miaka ishirini na miwili nasema pasi kama ile mtu yeyote angeidaka. Nikatupa fimbo. Nikanyoosha mikono.

Ukanipita katikati ya viganja, ukanigonga kifuani, ukaanguka kwenye kiatu changu.

Halafu sauti ya Rudy: "Norb! Hata bibi yako angeidaka!"

Kwa kuwa nimeugusa, pasi imehesabiwa imekufa, na wapinzani wakabaki na mpira. Kurusha mara moja tu, wakafunga. 24 kwa 20. Haskell akaniuliza kama nina la kujitetea. Nilikuwa nalo refu sana. Kilichotoka ni "Mmmmh." Nikavua fulana mbele ya watu wote. Krivak kaniokotea kofia yangu, akanipigapiga begani. Nimelia ndani ya gari.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimelala, nimeamka, nimetafakari. Taa za uwanja zilinimulika machoni. Tofi zilinivuruga pumzi. Krivak aliugonga vibaya, ungekuwa umenyooka ningeudaka. Darlene kanirushia funguo za gari nikamletee maziwa, zikaangukia kwenye uji. Karusha chini mno.

Rudy kapewa fulana. Inambana tumboni. Nimempongeza kama muungwana, kwa sababu yeye hajagundua jambo moja: kiti chake cha mstari wa kwanza kimebaki wazi. Nimekichukua mimi. Kiko hatua nane tu kutoka anaposimama Krivak, na jukwaani hakuna refa wa kunipa onyo.

Tofi nimezirudisha kwenye ndoo. Ijumaa kijana atanisikia vizuri kabisa.