Kamati ya Kuzima Kompyuta

Umma ulitangaziwa, kwa furaha kubwa, kuundwa kwa Kamati ya Kuzima Kompyuta katika Ofisi ya Vibali. Wajumbe saba, mhuri mmoja, na mwenyekiti ni Mkurugenzi mwenyewe. Ofisi ilikuwa na kompyuta moja, kuukuu, nzito kama mfuko wa saruji. Kuwaka iliwaka vizuri. Shida yake ilikuwa kulala. Ukiizima jioni inaandika "Inazima, tafadhali subiri", kisha inaganda hapo hapo mpaka saa moja usiku.

Mtu wa kawaida angechomoa waya akaenda zake. Kamati iliona mbali. Kanuni ya Nne ikasema kuchomoa waya ni hujuma. Kanuni ya Tano ikasema mtumishi ambaye kazi yake inauchelewesha mtambo ataketi nao mpaka uzimike, bila kujali cheo. Mkurugenzi alisaini kwa wino wa kijani, akaondoka saa tisa na nusu kwa uchovu wa kikao. Na kwa kuwa kila kitu pale kilichapwa na karani wa masijala, ambaye wote walimwita Mama Faili, kuketi kukawa kwake.

Wiki mbili aliketi. Alimfumia mama yake sweta, akalimaliza, akaanza la pili. Mama huyo alikuwa wodini, na Ijumaa ile aliruhusiwa kutoka. Lakini asiyechukuliwa kabla ya saa kumi na moja jioni alibaki hadi Jumatatu. Mama Faili alipiga hesabu ya saa, akaenda kwa Mkurugenzi.

"Bosi, nakuomba leo tu. Mama yangu ananisubiri."

"Haraka haraka haina baraka," alisema Mkurugenzi kwa upole. "Mgonjwa ana wauguzi. Kompyuta ina nani?"

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa kuguswa.

Basi Mama Faili akamwita fundi. Ikabidi Kamati iketi kumpa fundi kibali cha kugusa kipanya, kwa hiyo saa tisa wote saba walikuwa wamemzunguka.

"Shikamoo, mama. Hebu tuone." Fundi alibofya mara tatu, akacheka. "Hii haijaharibika. Ni tiifu kupita kiasi. Iliagizwa kuchapisha karatasi, na haitaki kulala kabla ya kumaliza kazi. Printa iko wapi?"

Juu ya meza ndogo palikuwa na alama ya mraba, safi, katikati ya vumbi.

"Si iko nyumbani kwa bosi," alisema tarishi. "Niliibeba mwenyewe. Watoto wake wana kazi za shule."

"Kwa usalama," alisema Mkurugenzi. "Niliihamisha kwa usalama."

"Na hiyo karatasi ni ya nani?" aliuliza Mama Faili.

Fundi akasoma: "Waraka wa Mkurugenzi Kuhusu Kutunza Mali ya Ofisi. Nakala mia mbili." Akanyoosha kidole. "Nikiufuta, inazima sasa hivi."

"Usiguse, mwanangu. Waraka wa Mkurugenzi haufutwi bila kikao, na kikao kijacho ni Jumatatu." Mama Faili alifungua faili, akasoma Kanuni ya Tano polepole, mpaka kwenye wino wa kijani. Kamati, kwa mara ya kwanza tangu izaliwe, ilikubaliana ndani ya dakika moja. Kiti kikavutwa, Mkurugenzi akaketishwa mbele ya kompyuta.

"Jamani, tusiharakishe mambo," alisema Mkurugenzi.

"Wala hatuharakishi, bosi. Utakaa taratibu tu." Mama Faili akamwekea mapajani sindano na lile sweta la pili, ambalo halikuwa bado na mikono, akatoka mbio.

Saa kumi na robo mama yake alikuwa naye langoni mwa hospitali, amevaa sweta lake.

Jumatatu asubuhi printa ilikuwa mezani, na sweta lilikuwa na mkono mmoja.