Babu Aliyezidi Kutembea

Jumatatu, 3 Juni

Balaa! Meneja wa kiwanda cha sabuni katangaza: langoni atabaki muuza chakula mmoja tu, na atamchagua mwenye historia. Mwenyewe anapenda sana mambo ya kale. Mpinzani wangu Mama Supu ana gari jipya, dirisha la kukunjua, taa za rangi. Mimi nina mkokoteni wa mikate na mayai, tairi moja linalia kama mtoto mwenye homa. Mke wangu kasema nikikosa lango, naenda kwa kaka yake kuzoa mavi ya kuku. Shemeji keshaninunulia koleo.

Jumanne, 4 Juni

Akili ni mali! Nimeandika ubavuni mwa mkokoteni: CHAKULA CHA MAGURUDUMU TANGU ENZI ZA BABU. Babu alikuwa fundi viatu, hakuwahi kuchemsha hata maji. Lakini marehemu hana mdomo. Mke wangu kasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina magurudumu.

Jumatano, 5 Juni

Meneja anataka shahidi. Nimemwendea shangazi, mtoto pekee wa babu aliye hai. Kwanza kanisuta: kumsingizia marehemu ni dhambi. Kisha kanikumbusha kwamba mkono mtupu haulambwi. Nimemwahidi mayai ya kukaanga kila asubuhi. Dhambi imepungua.

Alhamisi, 6 Juni

Mama Supu kajieleza kwa ufupi: kaanza mwaka jana, hana babu wa kutajika. Nikamhurumia, kidogo.

Shangazi sasa! Kumbe mwanamke ana kipaji! Kaeleza zamani watu walivyotembeza vyakula vichwani, babu akazihurumia shingo zao, akabuni mkokoteni. Alipopita, mji mzima ulisikia njaa. Meneja katoa leso. Mimi nami nikalia, nikimkumbuka babu kwa mambo ambayo hakuyafanya.

Hapo ilitosha, ningemtoa shangazi mbio. Lakini alikuwa amenogewa. Kasema, “Baba hakuwahi kusimama mahali pamoja. Alituusia kwamba chakula kikisimama, baraka zinaondoka.”

Meneja kaguswa mno. Lango langu hilo!

Ijumaa, 7 Juni

Meneja kanishika mkono kwa mikono yote miwili. Kasema, “Ndugu yangu, kukusimamisha langoni ni kumtukana babu yako. Zunguka.”

Lango kapewa Mama Supu. Kanikaribisha nipumzike kwake nikichoka kuzunguka. Mke wangu kaniwekea buti mlangoni. Shangazi kaja kudai mayai yake.

Jumapili, 9 Juni

Roho iliniuma sana. Lakini nimetafakari, nimeona kosa lilipo. Uongo haukuwa na tatizo. Babu ndiye aliyezidi kutembea.

Kesho naanza kwa shemeji. Nimesikia ana mpango wa kumteua msimamizi wa banda, na rangi yangu ilibaki. Nimeandika kwenye koleo: WAFUGAJI TANGU ENZI ZA BABU. Shangazi kakubali kushuhudia. Kauliza tu kama kuku wa shemeji wanataga.