Malalamiko Dhidi ya Kugeuzwa kwa Kengele

Mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam,
Ijumaa, asubuhi.

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,

Salamu kwako na kwa kamati yako. Mimi ni Eliakimu, mwalimu mkuu mstaafu. Kiharusi kimenilaza tangu Januari, kikaniachia mkono wa kuandikia. Nautumia kumshitaki mke wangu, Severa, muuza vitunguu wa Kariakoo.

1. Kila baada ya saa mbili Severa hupiga kengele. Mafundi wawili wa gereji iliyo chini yetu hupanda, huniinua kwa shuka na kunigeuza: kushoto, chali, kulia. Severa husema, "Mzee, gunia lisilogeuzwa huozea chini." Kengele yenyewe ni ile niliyoipiga shuleni miaka thelathini na minne. Enzi hizo ilipolia, walioshituka ni wengine.

2. Kisha hunikagua visigino, nyonga na makalio. Hata Mkaguzi wa Elimu alitoa taarifa kabla ya kufika.

3. Shuka halitakiwi kuwa na mkunjo wala punje ya mkate. Muuguzi Jovitha, anayepita kila Ijumaa, ameongeza mto kati ya magoti na mayai mawili kwa siku. Sikuombwa maoni.

4. Jambo limevuka kuta. Bwana Indravadan wa duka la vipuri hunywa chai kwa kengele yangu, na mafundi hula kwa kengele hiyohiyo. Juzi ilichelewa dakika kumi, fundi Shomari akapaza sauti kutoka uvunguni mwa gari: "Mama, mwalimu hajageuzwa tu? Tunakufa njaa huku!" Ndugu Mwenyekiti, je, makalio yangu ni mali ya umma?

Kwa hiyo naomba amri ya maandishi: nilale ubavu wa kushoto, unaotazama dirisha, nisibughudhiwe hadi nipone au nife. Severa yupo msibani Moshi tangu jana. Kengele aliniachia mimi, niwaite mafundi. Alfajiri hii nimemkabidhi mjumbe wako kengele hiyo, akuletee kama kielelezo.

Wasalimie wajumbe wote, mkeo, na mama mkwe wako mwenye maumivu ya miguu.

Wako katika utaratibu,
Mwl. Eliakimu

Baada ya sahihi: Saa saba mchana. Jovitha amepita. Amekuta kwenye nyonga ya kushoto doa jeusi, la moto, lisilobadilika likibonyezwa. Anasema kidonda hubisha hodi hivyo. Amenigeuza, amekwenda kwa mgonjwa mwingine. Severa anarudi kesho, na atakagua. Amri ile usiiandike. Kengele irudi kabla ya saa tisa. Ikishindikana, simama barazani kwako uipige kwa nguvu. Mafundi watapanda.