Kubali au Kubali Baadaye

Jumatatu, 24 Novemba 2025

Nimefungua duka saa mbili asubuhi, nimewasha mashine ya kudarizi, na badala ya kunisalimu imenipa barua. Imejaa skrini nzima. Sasisho kubwa linakuja Alhamisi, kwa ajili ya kuniboreshea maisha. Maisha yangu hayakuomba. Chini kabisa, kwa maandishi ya ukubwa wa chawa: herufi zote ambazo hazikununuliwa kwenye duka la kampuni zitaondolewa.

Yaani herufi za marehemu baba.

Baba alikuwa mchora mabango. Herufi zake zilikuwa na vitambi, hasa B na ile tarakimu 5, kama watu walioshiba. Alikuwa ameshafariki niliponunua mashine hii, nikakaa miezi mitatu nikizihamisha moja moja kutoka kwenye daftari lake hadi kwenye mashine. Daftari baadaye likaliwa na mchwa. Sikuhangaika sana, maana herufi zilikuwa ndani ya mashine, salama.

Na kazi iliyopo mezani ni mikanda arobaini na minane ya mahafali ya chekechea, ile ya kitambaa inayovaliwa begani. Jina la mtoto upande mmoja, mwaka upande wa pili. Inatakiwa kabla ya Jumamosi. Mmoja wa wahitimu ni kitindamimba wangu, na nimemwahidi jina lake kwa mkono wa babu yake. Mimi naandika majina tu. Mwaka mashine hujijazia yenyewe kutoka kwenye saa yake. Hiyo niliipanga mwenyewe ili nisichoke.

Skrini ina vitufe viwili. Kimoja ni Kubali. Kingine ni Kubali Baadaye. Nimetafuta cha tatu mpaka nyuma ya mashine.

Nimepiga simu kwa kampuni. Kijana mwenye sauti ya asali amesema mabadiliko haya yametokana na kuwasikiliza wateja. Nimemwomba namba ya huyo mteja.

Jumanne, 25 Novemba 2025

Mpango wa kwanza. Sasisho hupita kwenye intaneti. Ukikata intaneti, litapita wapi? Saa tatu nimezima waifai, nikajipongeza kwa kikombe cha chai. Saa tatu na nusu mashine imesimama. Inasema haiwezi kumthibitisha mmiliki.

Mmiliki ni mimi! Niliipandisha ngazi mbili begani, na bega hilo mpaka leo likiona mvua linanung'unika. Nimesogeza uso karibu na skrini ili inione vizuri. Ndipo Mama Pedali akapita mlangoni. Angepita lini tena?

Mama Pedali ni fundi wa duka linalopakana na langu. Ana cherehani ya kukanyaga aliyorithi kwa mama yake, na bango la bati juu ya mlango lililoandikwa USHONI WA MAVAZI, na namba ya simu ya mezani iliyokufa zamani. Bango alilichora baba, enzi mimi sijui hata kutunga uzi kwenye sindano. Kila nikimshauri aweke la taa, anasema hili bado linasomeka.

Leo ameniuliza kama mashine imenikataa posa. Kisha akasema cherehani yake, kwa miaka thelathini, haijawahi kumwomba kitu zaidi ya mafuta. Akarudi kukanyaga, tena kwa nguvu, ili nisikie.

Nimewasha waifai. Mashine imenitambua. Imeniuliza pia kama nimeridhika na huduma.

Jumatano, 26 Novemba 2025

Mpango wa pili, na huu ni wa akili. Sasisho lina tarehe yake. Tarehe isipofika, sasisho litatokea wapi? Nimeingia kwenye mipangilio, sehemu ya mwisho ambayo bado naruhusiwa kugusa kitu, nikairudisha saa ya mashine hadi 2021. Ndio mwaka nilioinunua, siku za uchumba wetu, ilipokuwa inafanya ninachosema.

Barua imetoweka kwenye skrini. Mashine imeanza kazi bila kinyongo. Nimecheka peke yangu mpaka mteja akaahirisha kuingia.

Mke wangu, ambaye huiita mashine hii mke mwenza, ameleta chakula cha mchana nikamweleza. Amesema njia ya mwongo ni fupi. Nimemwambia huu si uongo, ni mipangilio.

Kero moja tu. Mama Pedali amepita mara tatu akichungulia herufi zangu. Najua anachotaka, anataka kuniiga. Nimeifunika mashine kwa shuka. Nikawa naingiza mkono kwa chini, natoa mkanda, nahakikisha jina, naukunja hapo hapo na kuufunga. Nimemaliza arobaini na minane kwa siku moja, na hakuna aliyeona kitu.

Alhamisi, 27 Novemba 2025

Hakuna aliyeona kitu, mimi nikiwemo.

Nimepeleka mzigo shuleni nikiwa nimevaa shati la sikukuu. Mwalimu mkuu amekunjua mkanda wa kwanza, akavua miwani, akaivaa tena. Ameniuliza kwa upole hawa ni wahitimu wa lini. Mkanda umeandikwa 2021. Wa pili 2021. Yote. Mwalimu amesema mwaka huo watoto hawa walikuwa bado wanafungwa nepi. Amenipa mpaka Jumamosi saa tatu asubuhi, la sivyo watapanda jukwaani mabega matupu. Binti yangu alikuwa dirishani mwa darasa, ananipungia mkono.

Nimekimbia dukani, nikairudisha saa ya mashine kwenye tarehe ya leo ili nidarizi upya. Leo ni Alhamisi. Hilo sikulifikiria. Skrini imesema, Asante kwa kusubiri. Asilimia kumi. Asilimia arobaini. Nimechomoa waya. Nilipouchomeka tena, ikaendelea pale pale ilipoishia. Mia.

Herufi hazipo. Mahali pake pana picha ya kikapu cha kununulia. Hata kitufe cha kusimamisha kazi wamekihamisha, sijui wamekipeleka wapi.

Nimekaa sakafuni nikalia. Naandika waziwazi kwa sababu daftari hili halina intaneti. Nimeona kama baba amefariki mara ya pili, na safari hii mimi ndiye niliyebonyeza.

Ijumaa, 28 Novemba 2025

Mama Pedali ameingia kabla sijamaliza kufungua mlango. Ukuta wetu mwembamba, jana alinisikia. Nilijiandaa kwa masimango. Kumbe ameshika wembe wa kufumulia nyuzi, na anauliza mikanda iko wapi.

Amekunjua mmoja, akautazama sana. Amesema huu ni mkono wa mzee. Ndiyo maana juzi alikuwa anapitapita, alitaka kuuona tu, alikuwa amemkumbuka. Nimeona aibu mpaka nikasahau kumkaribisha kiti.

Kisha akasema kosa si mwaka mzima, kosa ni tarakimu moja. Tufumue ile moja ya mwisho, tuweke tano. Nimemwambia tano ya baba haipo tena duniani. Amenishika mkono, akanitoa nje, akaniinua kidevu. Kwenye bango lake, katika ile namba ya simu iliyokufa, kuna tano mbili, zote na vitambi vyao.

Miaka kumi napita chini yake.

Nimepanda juu ya kiti nikainakili kwenye karatasi ya kaki. Tukafumua wote wawili. Yeye akazijaza tano kwa cherehani ya kukanyaga, moja baada ya nyingine, ulimi umemtoka pembeni. Mimi nikapiga pasi, maana alinikataza kugusa kingine chochote. Halafu akaamuru ninakili na herufi za majina kabla mikanda haijaondoka. Tumezipata zote isipokuwa V. Katika watoto arobaini na wanane hakuna hata mmoja mwenye V. Tumeitoa kwenye MAVAZI.

Tumetengeneza karatasi mbili. Moja yangu. Ya pili ameiweka kwenye mkebe wake wa vifungo, na mkebe akaufungia kabatini. Sijui kwa nini haniamini.

Jumamosi, 29 Novemba 2025

Mahafali yamefana. Wangu alipoitwa jina hakwenda kwa mwalimu, alikuja ukingoni mwa jukwaa kutuonyesha mkanda. Akatangaza, ukumbi mzima ukasikia, kwamba tano yake ina tumbo kama la Babu. Babu mwenyewe anamjua kwa picha tu. Nilimtazama mke wangu, naye ananitafutia leso. Mama Pedali, niliyemwalika na kumketisha kiti cha mbele, alikuja na yake.

Tukiwa njiani kurudi nimeapa mbele ya mke wangu kwamba sitarudisha tena nyuma saa ya mashine, maisha yangu yote. Amesema ameshasikia.

Jumatano, 1 Desemba 2021

Mambo shwari. Nimeipiga picha ile karatasi ya kaki, na sasa herufi zote za baba ziko ndani ya simu, salama. Karatasi yenyewe ilikuwa inazagaa mezani. Nimeikata kiolezo cha kola, imetosha bila kuunga.

Saa nne simu imenipa barua. Sasisho kesho. Picha zote zitahamishiwa mahali bora zaidi, ambapo nitaziona nikishajisajili. Vitufe ni vile vile viwili. Mtu mwingine angebabaika, lakini mimi nina uzoefu. Nimeingia kwenye mipangilio, nikarudi miaka minne, na barua ikatoweka. Mke wangu amenikumbusha kiapo. Nimemweleza kwamba niliapia mashine, na simu si mashine, ni simu.

Baadaye Mama Pedali amekuja na mteja anayeulizia gauni lake, lile nililoahidi kumaliza Jumatatu. Nimetazama simu, nikawajibu kwa utulivu kwamba wasiwe na haraka, leo Jumatano, Jumatatu bado siku tano nzima. Mteja amemtazama Mama Pedali. Mama Pedali ameitazama simu yangu, halafu ile kola mezani, yenye nusu ya V.

Amerudi dukani kwake, nikamsikia anafungua kabati, anafungua mkebe wa vifungo, karatasi inachakarika, kisha anafunga vyote tena.